Vyumba Vinne Makoko

Makoko, Jumanne 8 Novemba 1983

Na binti yetu Bhoke naye kamchukua. Mke wangu alipokuja juzi nilidhani amerudi nyumbani, kumbe kafuata mtoto. Leo wameenda zao Kenya, kwa njia za panya maana mpaka bado umefungwa.

Nilimwambia, "Mama Bhoke, kule Migori umepanga chumba kimoja. Hapa una vyumba vinne, matofali nimefyatua mwenyewe!"

Akacheka. "Baba Bhoke, vyumba vinne, sabuni hakuna. Tutaoga ukuta?"

Nilikuwaga nasema shida hii itaisha. Mwaka wa tatu huu tunafua kwa majani ya mpapai.

Kaniachia kipande cha sabuni ya Kenya. Nilitaka kukiuza, kingeleta hela nzuri. Nimekiogea.

Sasa chumba kimoja kinanukia kama yupo. Vile vitatu nimevifunga.