Bendeji Zilizotiwa Wanga

Hospitali ya Misheni,
Njombe,
14 Agosti 1953

Mama yangu mpendwa,

Kamwene, mama. Nakusalimu kwa upendo mwingi, wewe na baba na wote walioamka salama hapo Matembwe. Je, kifua chako kinasemaje na baridi hii? Huku asubuhi majani yote ni meupe kwa sakitu. Mimi ni mzima, ila donda langu la mguuni bado, na ndilo lililonifanya nishike kalamu.

Nimepata ujumbe kwamba Mjomba Yoeli anakuja Jumamosi na vijana wa kunibeba, kwa sababu mguu wangu umeoza na hospitali inataka kuukata. Mama, asije kwa ajili hiyo. Mguu haujaoza, na hakuna aliyesema utakatwa. Soma mpaka mwisho kabla hujaanza kulia, maana nakujua.

Chanzo ni zile bendeji ulizonitumia. Hapa bendeji ni haba, kila mgonjwa huletewa vitambaa kutoka kwao, na zako zilipita za wodi nzima. Ulichana shuka, ukafua, ukatia wanga wa viazi na kupiga pasi, vile unavyofanya kola ya baba kwa ajili ya ibada. Bibi Emilia wa kitanda cha jirani, Mkatoliki mwenye maneno, alisema Walutheri hata vidonda vyao huvikwa nguo za Jumapili. Nilijivuna, sikuficha.

Dresa wetu, Bwana Tarsis, hulisafisha donda, kisha hulifunika kwa shashi iliyoloweshwa dawa ya iodini. Ni dawa ya kahawia na inauma, mama, inauma hasa, lakini inaua ule uchafu uliolizuia donda kufunga miaka yote tuliyopaka majivu na majani. Juu ya shashi hufunga kitambaa. Vitambaa vyote huchemshwa kwanza, ila vyako vilikuwa safi na vimenyooka hata akavifunga hivyo hivyo. Halafu akaenda Wanging'ombe kutibu watoto wa shule.

Kesho yake bendeji ilikuwa nyeusi, weusi wa kuelekea buluu. Nilipoifunua kidogo, hata ngozi ya kando ya donda ilikuwa nyeusi. Bibi Emilia alifanya ishara ya msalaba. Mdogo wake Silvesta, mfanyabiashara wa Lyamkena, alikuwa amekuja kumwona. Akanitazama kama mtu anayeaga maiti, kisha akaondoka na lori la Makambako. Naona habari mliipata kwake, maana akilijua jambo Silvesta, soko zima la Makambako linalijua, na watu wetu wauzao mbao wapo pale kila juma.

Bwana Tarsis aliporudi aliigeuzageuza ile bendeji, akauliza ni nani aliyeifua. Nikamwambia ni wewe na jinsi unavyofanya. Akaenda jikoni, akaleta kipande cha kiazi kibichi, akakidondoshea dawa mbele yetu sote. Kiazi nacho kikawa cheusi. Akaeleza kwamba iodini ikikutana na wanga hugeuka hivyo, na dawa ikishaliwa na wanga hailitibu tena donda. Alisema kosa ni lake, ilimpasa kuzichemsha kwanza. Aliponiosha, chini ya ule weusi nyama ilikuwa nyekundu, na pembeni imeanza ngozi mpya, nyembamba sana. Kwa hiyo usijilaumu, mama. Ulinifulia kwa mapenzi.

Sasa nikuambie jambo ambalo sijamwambia mtu. Siku ile mguu ulipoonekana mweusi, wenzangu waliniombea, lakini mimi nilifurahi. Nilijiambia, basi umekufa, waukate, nipumzike na harufu, na nzi, na watu wanaohama benchi kanisani nikikaa. Kiazi kilipogeuka cheusi wodi nzima ilicheka, mimi nikalia, wakadhani ni furaha. Nililia kwa sababu nilijua itanibidi niendelee na mguu huu. Nililia mpaka nikachoka. Kisha niliitazama ile ngozi mpya, nikaona haya. Ilikuwa inaota wakati mimi nimekwisha kata tamaa. Tangu siku hiyo nautaka mguu wangu. Bwana Tarsis akiingia namnyoshea kabla hajaniita, na dawa ikiuma nang'ata shuka.

Kwa hiyo sirudi nyumbani mpaka donda lifunge, hata mahindi yavunwe bila mimi. Hata harusi ya mdogo wangu Priska ikinipita, na hilo linaniuma kuliko iodini. Nitumie bendeji nyingine, ila safari hii usitie wanga. Zikijikunja kama uso wa Bibi Emilia, haidhuru.

Nisalimie baba, Priska, na majirani wote wanaouliza habari zangu. Waambie naendelea.

Na kama Mjomba Yoeli ameshaondoka kabla barua hii haijafika, usihangaike. Nitampokea vizuri, nitamwonyesha ile ngozi, kisha nitamsindikiza mimi mwenyewe, kwa miguu, mpaka lango la hospitali, arudi bila mimi.

Ni mimi binti yako akupendaye,
Hulda