Kikombe Namba Saba Kilikuwa cha Mdogo Wangu

Mpendwa mshauri wetu wa redioni, shikamoo. Naomba msaada, tena naomba usinicheke, maana hili hata mume wangu sijamwambia.

Mimi ni mwonjaji wa kahawa, mwaka wa kumi na nane huu, kazi yangu ni kupita vikombe mezani, navuta kwa kijiko, natema, naandika alama, na vikombe havina majina, vina namba tu, ili tusipendelee mtu. Kwetu tumezaliwa wawili, mimi na mdogo wangu wa kike, na mama alipotugawia shamba mimi ndiye niliyechagua kwanza, nikachukua kipande cha barabarani, yeye nikamwachia kule bondeni kwenye mibuni ya zamani aliyoipanda mama mwaka alioolewa, mirefu, inazaa kiganja tu, nikamtania mbele ya watu kwamba amerithi kuni. Basi mshauri, nani angejua? Miaka mitatu hii wanunuzi wamepagawa na kahawa adimu, na aina ile ya bondeni imebaki kwa watu wachache mno, kila mnada bei inapanda, kwa bei ya kilo moja ya kwake sasa unapata nusu gunia la kwangu. Wageni wanakuja na kamera kupiga picha zile kuni! Mdogo wangu ameezeka nyumba upya, mama amehamia kwake, eti kule kuna hewa, na mume wangu akikaa kula ni shemeji hivi, shemeji vile, shemeji ana mkono wa baraka, mpaka siku moja nikamuuliza kama anataka nimfungie mizigo. Wivu ulinikaba, sikufichi, nikawa hata nikiona bati lile linang'aa nageuza uso.

Na yeye hana habari, masikini, kila msimu kopo la kwanza ananiletea mimi, "Dada, onja wewe kwanza, ukikubali ndiyo nipeleke." Sasa mwezi uliopita niko mezani, vikombe kumi na viwili, nafika namba saba, navuta kijiko, nikamjua. Jina la nini? Ilikuwa tamu, mshauri, tamu kuliko ya mwaka jana, na mkono wangu huu ukaandika "imechacha" na alama za kutupwa. Mwenzangu alikuwa bado hajaifikia, ameinusa tu, akashangaa, "Namba saba? Una uhakika?" Nikamwambia asipoteze muda, mimi ndiye mkubwa wa meza. Ikaondolewa kwenye mnada wa kahawa adimu, ikawekwa ghalani isubiri kuuzwa na zile za bei ya chini.

Mdogo wangu akaja kwangu analia, barua ya ghala mkononi, "Dada, nimekosea wapi?" Hapo ndipo ningesema. Badala yake nikamwambia mibuni imezeeka, aing'oe apande mipya kama ya kwangu, na amenisikiliza, wenye misumeno wanakuja Jumamosi hii. Nikinyamaza tutakuwa sawa, nikisema napoteza kazi na ndugu, lakini usingizi sipati. Yeye anakuamini sana, asubuhi huchambua kahawa akikusikiliza wewe, labda ungesema jambo kwa mafumbo tu aahirishe, bila kunitaja. Nifanyeje?

Ni mimi, Mwonjaji.

*

Marahaba, mwanangu. Pole, wivu wa ndugu unauma, kwa sababu mtu unamuonea wivu na huku unampenda. Pole yangu imeishia hapo.

Shamba ulichagua mwenyewe, tena ukacheka. Bei ya mwenzio kupanda haijakupunguzia wewe hata punje moja. Mumeo kumsifu shemeji yake si dhambi, ukitaka na wewe usifiwe mwambie, mdomo unao. Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako, na mdogo wako angejuaje kwamba aliye nguoni mwake ni dada yule yule anayepelekewa kopo la kwanza? Mtu anakuja kwako analia, wewe unamwonyesha mahali pa kukata! Ah, hapana, hapo umenitoa machozi na hasira kwa pamoja.

Eti mtakuwa sawa. Sawa ya wapi? Yeye hana mibuni, wewe huna ndugu, na mama yenu anapita katikati ya visiki.

Sasa nisikilize. Mpigie mkuu wa ghala, mwambie namba saba umeionea, wenzako waionje upya na wewe usiwe mezani. Kahawa bado ipo, haijauzwa. Kazi ikienda, iende, umeitumia vibaya. Halafu shuka bondeni kwa miguu yako. Usibebe zawadi, usimtangulize mama akuombee, na usithubutu kusema shetani alikupitia, shetani haandiki alama. Mwambie mdogo wako kwamba kahawa yake ni tamu na kwamba wewe ulijua. Akikufukuza, ondoka, kesho urudi.

Na yale mafumbo uliyoniomba, mimi siyawezi. Barua yako nimeisoma yote hapa hewani, sikuruka neno, saa hizi hizi ambazo umesema mwenyewe yeye anachambua kahawa akinisikiliza. Kwa hiyo misumeno haiji tena, hilo usihangaike nalo. Kilichobaki ni kama atakukuta wewe mlangoni kwake, au atakuja yeye kwako.

Vaa viatu.