Shanga Hamsini na Moja

Butembo, siku ya Jumatano

Kwa yaya wangu mupenzi, dada yangu mukubwa Kadogo, huko Kasugho,

Asalam aleikum wa rahmatullah. Barua hii ikukute ukiwa na nguvu, wewe na shemeji na batoto bote. Je, kifua cha shemeji kimepoa? Na kahawa yenu, mvua imeiachia nafasi ya kukauka? Sisi hapa tunapumua, alhamdulillah, mais tumechoka. Asumani bwana wangu amerudi na lori yake kutoka Kasindi, amelala siku mbili kama gunia la muhogo. Mimi mwenyewe nasali nikiwa nimekaa, magoti yamekataa. Nakuandikia kwa karatasi kwa sababu réseau ya simu ya kwenu haishiki, tena kwa sababu maneno haya mudomo wangu ungeyakatia njiani.

Ni habari ya Mama.

Unakumbuka ulipokuja kwa Idi. Kidonda cha muguu wake kilikuwa kidogo kama punje ya haragwe. Ku hospitali balisema vidonge vya sukari havimutoshi tena, inafaa insulini kila asubuhi. Wewe ukasimama mulangoni ukasema tangu zamani umesikia kwamba insulini inatolewa ndani ya nguruwe, na Mama aliyefunga Ramadhani nyingi hivi hataingiziwa nguruwe mu damu uzeeni. Mama akaitikia, akasema afadhali aende kaburini na muguu mubovu kuliko kusimama mbele ya Mungu namna ile. Ukaniapisha kwamba sindano haitamugusa. Nikaapa.

Ulipoondoka, kidonda kilifunguka. Wiki mbili tu, kikawa kama kisahani cha chai. Mama alikuwa anamaliza jagi la maji mbele ya adhuhuri, na siku moja aliniita kwa jina la shangazi marehemu. Yaya, ule muguu ulikuwa unanuka. Nilikuwa nafukiza ubani nikisema ni kwa ajili ya mbu.

Mwisho wa mwezi uliopita nilipanda lori ya Asumani mupaka Beni. Niliingia mu farmasi moja, nikauliza kwa sauti ndogo kama banauza insulini isiyo ya nguruwe. Mwenye kuuza, mama mumoja wa Kananga anaitwa Kapinga, alinitazama akasema, « Mama, hapa ni farmasi, hapana bucherie ya nyama! » Batu bakacheka. Nikataka kutoka. Yeye akanishika mukono, akaniomba musamaha, akanipa kiti. Alifundisha biolojia miaka mingi mbele ya kuuza dawa, na ualimu haujamutoka.

Aliona tasbihi yangu, akasema insulini ni kama ile: shanga zilizotungwa kwa mpangilio wake. Kitu hicho banakiita protini. Ya insulini ina shanga hamsini na moja. Na mpangilio unatoka wapi? Akasema kila mutu anabeba maandishi mu mwili wake, na kipande chenye kueleza kitu kimoja ndicho banakiita jeni. Herufi zake ni ine tu. Mwili unazisoma tatu tatu, na kila tatu zinaita shanga yao, hii, kisha ile, mupaka protini inakamilika.

Akasema zamani ni kweli, balikuwa banaitoa ndani ya nguruwe na ngombe. Donc ulichosikia hakikuwa uongo, yaya, kilikuwa cha zamani. Siku hizi banachukua yale maandishi ya mutu yenye kuita insulini, banayaunga ndani ya kijidudu kisichoonekana kwa macho, bakteria, ao chachu ndugu ya ile ya mukate. Kijidudu kinasoma maandishi ya mutu kama yake mwenyewe, kinatunga shanga zile zile. Kikizaa, vitoto vyake navyo vinasoma vile vile, mapipa na mapipa. Kisha banasafisha kabisa, inabaki insulini peke yake.

Nikamuuliza kama hiyo hapana kuharibu kazi ya Mungu. Akajibu yeye ni Mukatoliki, hajui kujibu shehe, anajua tu kujibu sukari. Mimi nilifikiri batoto ba madrasa, namna banavyosoma sura nzima bila kujua maana, hata herufi moja haianguki. Mungu anisamehe kama nimelinganisha vibaya. Niliporudi nilimupelekea shehe wetu karatasi ya maelezo ya ndani ya kartoni ya dawa. Aliisoma siku mbili, akasema haoni nguruwe ndani yake, tumutibu mama.

Yaya, kama barua ingeishia hapa, ningekuwa nimeokoka. Kaa chini kwanza.

Siku nilipoenda Beni, Mama alikuwa anapata sindano tangu miezi mine. Nilienda kwa sababu dawa ilikuwa imekwisha Butembo. Nilimwambia Mama ni vitamini ya damu. Nilikuwa naificha mu chungu cha maji nyuma ya jikoni, ipate baridi. Na sikujua habari ya jeni wala ya shanga. Niliamini kama wewe. Kila asubuhi nilisema bismillah mu moyo, kisha nikamuchoma mama yetu kitu nilichojua ni nguruwe, kwa sababu sikuweza kuvumilia afe. Dawa ilikuwa safi, mimi niliyeitoa sikuwa safi. Matendo ni kwa nia, ni wewe ulinifundisha.

Kila nilipomaliza, nilikuwa naosha mikono mara saba, ya kwanza kwa udongo, kama tulivyofundishwa kwa mutu aliyegusa nguruwe. Kidonda kikaanza kufunga. Mama akaanza kutembea. Asubuhi moja akafika peke yake nyuma ya jikoni, akaniona nimeinama na udongo mikononi. Akageuka, akarudi ndani. Tangu siku ile alikuwa ananingojea niseme mimi.

Jumamosi nilimuletea habari ya Kapinga na ya shehe, na furaha mingi. Akaniuliza, « Zawadi, ni vitamini gani inaoshwa kwa udongo? » Nikalia, nikamweleza yote. Akasema, « Jana vitamini, leo insulini ya mutu, kesho itakuwa nini, maji ya zamzam? » Akafunga mukono wake ndani ya kitenge. Asumani akajaribu, akaambiwa yeye alijua, akanyamaza pamoja na mwizi. Shehe akaja, Mama akasema shehe ameambiwa na mimi. Amesema Kadogo ni mukali, mais hajawahi kumudanganya. Kadogo akisema ni halali, atatoa mukono. Leo ni siku ya ine bila dawa, na kidonda kimeanza kulowa tena.

Nimefunga ile karatasi ya kartoni pamoja na barua. Umuonyeshe shehe wa huko, umuulize bila kutaja jina langu, ili asinihurumie. Mumbere, mwenye pikipiki anayekuletea barua hii, atakungojea akulete. Kama utaona ni haramu, useme vile, nami sitashika sindano tena. Kama ni halali, mwambie Mama kwa mudomo wako. Habari ya kiapo changu tutaizungumza baadaye. Musamaha unaweza kungoja, yaya. Muguu hapana.

Salamu nyingi kwa shemeji, kwa batoto, na kwa jirani zako bote bananijua. Asumani anakusalimia. Mama hajui kama nimeandika.

Ukifika, usinitafute mimi kwanza. Ingia moja kwa moja kwake. Mimi nitakaa nje mupaka muniite.

Mudogo wako,
Zawadi