Wapi pa Kumweka Nakhumicha

Rumande, Nakuru
3 Juni 2023

Mama mpendwa,

Habari za Karagita? Mgongo umepoa, ama bado wanakusimamisha pakihausi siku nzima mkifunga maua? Mimi kwa mwili ni mzima. Roho ndiyo haitulii.

Najua ulisikia nilivyoshikwa. Mwaura, yule keateka anayetunza ploti, alinifuata bafuni na wenzake wawili akisema, "Leo tutajua wewe ni nini." Nilimpiga na ndoo ya chuma, taya likavunjika. Sikuwa na kitu kingine mkononi.

Hapa ukiletwa, lazima upekuliwe. Askari mmoja, anaitwa Madam Wangu, aliniambia nivue. Kisha akaita mwenzake, "Kuja uone." Kitambulisho kinasema mimi ni mwanamke, lakini waliona nilivyo, na wewe unajua nilivyo. Sasa wamenifungia peke yangu kwa stoo ya mablanketi. Tarehe ishirini na moja korti itaamua kama nitabaki hapa ama nitapelekwa kwa wanaume. Huwa nawasikia ng'ambo ya ukuta wakihesabiwa. Juzi mmoja alipiga kelele, "Si mtuletee huyo!" Wote wakacheka.

Mama, nina miaka kumi na tisa na hujawahi kuniambia nilizaliwa vipi. Niambie.

Mtoto wako,
Nakhumicha


Karagita
9 Juni 2023

Mwanangu Nakhumicha,

Mungu akuweke. Unakula? Kikohozi kimeisha? Barua yako niliisomea chooni, mlango nimefunga.

Usiniulize hayo mambo kwa barua. Hizi barua zinafunguliwa. Wewe waambie ni msichana, basi, usiongeze neno. Hapa watu wananyamaza nikipita. Supavaiza ameniuliza mbele ya wengine kama ni kweli nimekuwa nikificha kijana ndani ya gauni. Nikija kortini nifungue mdomo, baadaye nitarudi wapi?

Vaa sweta, huko ni baridi.

Mama yako


Rumande, Nakuru
14 Juni 2023

Mama,

Nashukuru Mungu bado uko salama. Barua hii nampa wakili, anaitwa Kibii. Haitafunguliwa.

Kibii anasema sheria inawajua watu wa jinsia mbili kama mimi. Tuwekwe mahali petu, na tuchague wenyewe nani atatupekua. Nilimwambia arudie. Sikujua tumeandikwa mahali. Lakini upande wa mashtaka unasema mimi ni mwanaume nimejificha kwa wanawake. Kibii anataka ile kadi ya kliniki niliyoandikiwa nikizaliwa, na mtu aliyekuwepo siku hiyo. Nani mwingine, mama?

Kuna mama hapa anaitwa Achola. Siku nililetwa alisikia sauti yangu akaanza kutetemeka, akajificha nyuma ya wenzake. Mwanaume alimfanyia unyama zamani. Sikumkasirikia. Sitaki kumwogopesha mtu. Lakini nikipelekwa upande ule mwingine, mimi ndiye nitatetemeka, na sitakuwa na mtu wa kujificha nyuma yake.

Njoo.

Mtoto wako,
Nakhumicha


Rumande, Nakuru
19 Juni 2023

Mama,

U mzima kweli? Hujajibu. Ni keshokutwa, saa tatu asubuhi. Wameniletea fomu ya kuhamishwa kwa wanaume nitie sahihi. Nimekataa, wakaniambia korti ikisema, nitahamishwa hata nisipokubali.

Nakhumicha wako


Dundori
25 Juni 2023

Mwanangu,

Umelala siku hizi? Umekula?

Niko Dundori kwa Wariara, yule tulifanya naye kazi ya maua kabla arudi kwao. Namsaidia kuchimba viazi. Kuna mtu wa Karagita alikuwa kortini amekaa nyuma, akapeleka habari. Niliporudi jioni nilikuta godoro langu nje na mlango una kufuli mpya. Usilie.

Uliniona nikiingia nimechelewa. Nilikuwa nimesimama pale nje saa nzima na kadi mkononi. Karani aliposema, "Mama, ongeza sauti," nilitaka kukimbia. Hata sijui kama ulinisikia vizuri, kwa hivyo nakuandikia.

Ulizaliwa mchana. Nesi alikuangalia, akakuangalia tena, akaniuliza, "Niandike nini?" Kalamu ilikuwa tayari juu ya karatasi. Mimi nilikuwa na miaka kumi na nane, na baba yako alikuwa ametoka nje na hakurudi. Nikasema msichana. Sikutaka kudanganya mtu. Niliulizwa haraka, na baada ya hapo nikaogopa kila siku mpaka Jumatano.

Hakimu amesema ukae chumba chako upande wa wanawake, na hakuna atakayekugusa bila kukuuliza kwanza. Nilimshukuru Mungu. Halafu Kibii akaniambia wale wa mashtaka wanakata rufaa, na kesi ya Mwaura bado.

Jana nilikuja kukuona. Askari wa getini alifungua kitabu, akauliza kwa sauti, "Unaona nani? Ni msichana ama ni kijana?" Foleni yote ikageuka. Nilishika ukuta.

Nikamwambia, "Ni mtoto wangu. Andika hivyo."

Alinitazama sana, kisha akaandika. Lakini saa za kuona wafungwa zilikuwa zimeisha. Nitarudi Jumanne, mapema.

Mama yako