Nani Ataumia Nikipiga Ngoma?

Mjukuu wangu Diella,

Hujambo huko Houston? Babu yako ni mtu wa bahati: tangu nizaliwe sijawahi kushindwa kwa maneno. Hapa Grand Prairie wote wazima, na mama yako amenunua gari, anatuendesha kama mawaziri.

Unauliza kama yule mwanafalsafa Mwingereza mnayemsoma darasani, aliyefundishwa Kigiriki na baba yake akiwa mdogo, yuko sahihi: kwamba mtu aachwe huru mradi hamdhuru mwenzake. Mimi nilifundishwa kuchunga mbuzi tu, lakini jibu ninalo.

Kule kwenye kambi ya wakimbizi Tanzania, sisi Warundi hatukumruhusu mwanamke kupiga ngoma. Siku ya Pasaka, msichana mmoja wa kwaya akashika fimbo za ngoma. Tukamzomea wote, mimi nikiongoza:

"Weka chini, au utoke kwenye kwaya!"

"Kaka, nikipiga ataumia nani? Mtaje."

Nikatafuta jina, nikakosa. Akapiga. Wazee wakasimama, padri akacheza, kambi nzima ikalipuka kwa vigelegele! Palepale nikaamua kumwoa.

Ndiyo, ni bibi yako. Jina la wa kuumia mpaka leo sijalipata. Kwa hiyo ile ya kutoshindwa ni uongo mtupu.

Babu yako