Ng'ombe Sita wa Masatu

Jumatatu, 3 Machi
Nimeosha kidonda cha mguu kwa maji ya chumvi, kama kila siku. Hakipungui. Mume wangu Makuru amekamua, kikombe kimoja tu. Nimenywea kidonge cha ugonjwa wa sukari. Nesi alisema ninywe baada ya chakula. Hakusema chakula kitoke wapi.

Jumatano, 5 Machi
Majivu. Padri katuambia tufunge. Sisi tumefunga tangu mwezi wa kwanza, vuli ilipotunyima. Nikacheka kanisani, watu wakageuka.

Alhamisi, 6 Machi
Zahanati. Vidonge vya sukari vimeisha. Nesi kauangalia mguu, kaziba pua. Kasema, "Bibi, nenda hospitali Bunda, huu si wa kuchezea." Kauliza kitambulisho cha wazee, kile cha kutibiwa bure. Sina.

Nikajikokota hadi kwa mtendaji wa kijiji. Kijana mgeni, katokea Kibara. Kafungua daftari la wazee wasiojiweza. Jina letu lipo, limekatwa kwa kalamu nyekundu. Pembeni wameandika: anajiweza, ng'ombe sita.

Ng'ombe gani? Wale ni wa Masatu wa Butiama, shemeji yake Makuru. Sisi tunamfugia tu. Maziwa yetu, ndama wake.

Ijumaa, 7 Machi
Nimemuuliza Makuru. Kakubali. Afisa wa kuandikisha wazee alikuja mwaka jana, mimi niko shambani. Akauliza hawa ng'ombe ni wa nani. Mume wangu akajibu, wangu.

Kasema, "Ningemwambiaje mgeni kwamba zizi langu ni la watu?"

Namwelewa, na hilo ndilo linaniuma. Alikuwaga na ng'ombe kumi na wawili, ukame ukawamaliza wote. Huku mwanaume bila ng'ombe haitwi kwenye kikao cha mahari, na akiitwa hasikilizwi. Makuru bado anaitwa. Namwelewa na nimemchukia. Naandika hivyo hivyo.

Jumapili, 9 Machi
Unga umeisha. Tumechemsha mchicha pori, bila chumvi, maana iliyobaki ni ya kidonda. Kiu hainiishi, nakunywa maji kama ndama. Nimeanguka jikoni. Kidole kidogo cha mguu kimekuwa cheusi.

Makuru kakiona. Kasogeza sahani yake kwangu. Nimekula yote, sikumshukuru.

Jumanne, 11 Machi
Mtendaji anasema hawezi kufuta kitu ofisini peke yake. Aliyesema ng'ombe ni wake aje kwenye mkutano wa kijiji, akanushe kwa mdomo wake, watu wasikie. Mkutano ni keshokutwa.

Nimemwambia Makuru bila kuzunguka. Usiposema, nakatwa mguu, au nazikwa nao. Kawapeleka ng'ombe machungani na kuchelewa kurudi. Naogopa. Miaka arobaini na tatu naishi naye, na sijui atafanya nini.

Alhamisi, 13 Machi
Amesema.

Nilipelekwa kwa baiskeli ya jirani. Wakaongea kisima, wakaongea barabara, Makuru kimya. Nikajua basi. Walipofika kwenye mengineyo akasimama, fimbo mkononi. Kasema wale ng'ombe mnaowaona kwangu ni wa shemeji yangu. Mimi sina hata mmoja. Nilidanganya.

Hakuna aliyecheka. Afadhali wangecheka. Wazee anaokaaga nao kwenye mahari wakaangalia chini. Mtendaji kaandika, kanipa barua ya kwenda nayo Bunda. Nililia, si kwa furaha.

Ijumaa, 14 Machi
Bunda. Barua wameipokea. Daktari kasema ningekaa wiki moja zaidi, mguu wote ungeondoka.

Jumatatu, 24 Machi
Nimerudi nyumbani jana. Vidole viwili vimekatwa. Mguu ninao, na vidonge vya mwezi mzima nimepewa.

Makuru hakuniambia kitu. Nimejua leo asubuhi nilipoomba maziwa ya kunywea dawa. Kaniletea maji ya moto. Masatu alikuja nikiwa wodini, na wanaume wawili, kaswaga wote sita. Habari za mkutano zilimfikia Butiama. Kasema haachi mali yake kwa mtu aliyejitangaza fukara mbele ya kijiji.

Nimetukana. Nimemtukana Masatu mpaka nimechoka. Dawa ninazo, cha kunywea ndicho sina.

Jumanne, 25 Machi
Mama Ghati, jirani, katuletea bakuli la uji. Kaliacha mlangoni, kaondoka. Nimeshukuru.

Nimekaa kizingitini, mguu juu ya kigoda. Makuru kaamka saa ileile, kachukua fimbo, kaenda zizini. Katoa miti ya mlango, kama kila siku. Kasogea pembeni kuwapisha. Kasimama pale muda mrefu. Kisha kairudisha miti, mmoja mmoja.

Nikamwita aje tugawane uji.