Kitenge cha Chancelle

Woolwich, Juni 2006

Mjomba Aristide,

Nadai kwamba mdogo wangu Chancelle, tuliyempokea duniani kama mvulana, ni msichana, na kwamba ulikosea kuliandikia kanisa letu limfukuze.

Jumapili Mama alimvika kitenge cha sare ya kwaya ya akina mama na mabinti, akamsimamisha kando yake kwayani. Mama Miradie akanong'ona, "Josée, huyo si kijana wako?"

"Nilimwomba Mungu mtoto," Mama akajibu. "Suruali sikuitaja."

Mama Miradie akacheka, kisha akasogea kumpa Chancelle nafasi. Mimi na shahada yangu ya chuo kikuu tulistaajabu jinsi Mama alivyomaliza hoja kwa maneno machache.

Nakudai jibu, Mjomba. Lisomwe madhabahuni kama ilivyosomwa barua yako, Chancelle akisikiliza.

Mpwa wako,
Pacifique